Kulia Juu

Jumanne, 12 Mei
Leo nimeingiza sauti ya samurai wa katuni, kipindi cha pili. Mlafi huyo anaiba figili iliyochachushwa, anateleza, anatumbukia kwenye pipa la miso, lile rojo la soya. Nimecheka mara moja tu, wakaridhika. Vijana hurudia mpaka mate yakauke. Miaka arobaini nimeuawa kwa upanga kwenye filamu — Tokyo hii nani anakufa vizuri kuliko mimi? Hata sura wamechora yangu. Pua hii hii.

Ila pale kwenye pipa, kimono chake kimefungwa upande wa kulia ukiwa juu ya wa kushoto. Hivyo tunavalisha maiti. Nikamwambia Hirose, mwongozaji. Akasema, mzee Tokuzo, tumeigeuza picha tu kama kwenye kioo, tusichore upya. Nikamjibu chai yenu sinywi mpaka mrekebishe. Sikunywa.

Alhamisi, 14 Mei
Bi Asanuma, mchoraji, kanionyesha picha mpya. Kushoto juu, kama mtu hai. Nimekunywa vikombe viwili.

Jumapili, 17 Mei
Kipindi kimeonyeshwa asubuhi. Mke wangu Fusae kacheka mpaka machozi. Likaja pipa — kulia juu. Akaniuliza: Mbona wamekuvalisha hivyo, mzee wangu? Nikasema si mimi, ni katuni. Akaenda kumwaga chumvi mlangoni, kama tufanyavyo tukitoka mazikoni.

Nimempigia Bi Asanuma. Anaapa kwake ni kushoto juu. Labda televisheni yako, mzee. Televisheni gani inageuza nguo, maandishi inayaacha?

Jumatatu, 18 Mei
Jioni, bafu la mtaa. Nimetoka majini, nikavaa kimono changu. Gonda, fundi wa mikeka, akapaza sauti: Tokuzo, unatuaga? Watu wakaangua kicheko. Nikatazama kifuani. Kulia juu. Tangu utoto navaa mwenyewe, sijakosea hata nikiwa nimelewa. Nikafunga upya mbele yao, kikatokea kulia juu tena. Gonda akaacha kucheka, akageukia ukuta.

Jumanne, 19 Mei
Leo zamu ya kipindi cha tatu. Kabla sijatoka, Hirose kapiga simu: pumzika mzee, sauti tunayo. Nikamuuliza, kaingiza nani? Akajibu, wewe, jana jioni. Umecheka mara moja tu, kama kawaida yako.

Jana jioni nilikuwa bafuni. Gonda shahidi.

Nakwenda hivyo hivyo. Fusae kanivalisha kwa mikono yake, kushoto juu, nimeona kwa macho yangu, akakaza mkanda. Naandika haya nimesimama. Sasa amerudi nyuma kunitazama. Ameshika mdomo. Anauliza taratibu, chumvi iliyobaki iko wapi.

Kifuani sitazami.