Mkonga Ulioota Upya

Carrollton, Jumapili

Dada Zuhura,

Nakuomba kwanza ufunge mlango. Yote yaliyomo humu yabaki kwako. Mama asisikie hata neno moja, presha yake itapanda. Sasa shikamoo, dada. Goti la Mama linaendeleaje? Watoto wamefungua shule? Mimi mwili mzima.

Unajua kazi yangu dukani huku ughaibuni ni kuandika kadi za sarafu za kale: picha ya kila sarafu, uzito, hali yake, kisha sahihi yangu. Miezi mitatu iliyopita ililetwa sarafu ya shaba ya Warumi, pana kama kizibo cha soda. Upande mmoja Kaisari; upande wa pili mwanamke amejilaza, kavaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkononi nge, miguuni kikapu cha nafaka. Huyo ni Afrika, dada. Ndivyo walivyotuchora. Ilikuwa imelika: mkonga hauonekani, nge kama doa. Niliipenda hivyo hivyo, nikaifanyia mchezo wetu wa utotoni, karatasi juu, penseli taratibu, mpaka picha ikatokea. Nikatoa nakala mbili.

Wiki iliyopita tajiri wangu, mwenye duka, akairudisha mezani. Mkonga umeota! Nge ana miguu yote! Fundi ameichonga upya kwa sindano.

"Andika haijaguswa," akasema. "Mnunuzi anakuja Jumamosi."

Mnunuzi ni mwalimu mstaafu, kaitafuta sarafu hiyo miaka mingi.

Mama Furaha, Mkongomani anayesafisha duka, akaninong'oneza: "Andika tu, mutoto yangu. Ile kitu iko na miaka elfu mbili, haina kinywa. Itakushitaki wapi?"

Nikacheka, nikaivuta kadi. Kibali changu cha kuishi hapa kinategemea duka lile.

Nikaandika: Imechongwa upya. Tajiri akaichana kadi.

"Nani alikuleta nchi hii?"

"Wewe. Ulinileta niandike ninachokiona."

Nikaandika ya pili. Akachana. Jana mwalimu alipoingia, ya tatu nilimpa mkononi. Aliisoma, akavua miwani, akaondoka bila kununua. Mimi nilifukuzwa kabla ya chakula cha mchana, na tajiri anasema atanishitaki kwamba nimesema uongo.

Naogopa, sikufichi. Lakini msamaha siombi. Wakitaka kumchonga yule mwanamke upya, wasitumie kalamu yangu.

Karatasi moja ya penseli nimeiweka humu. Ifiche kwenye sanduku lako la kanga, nyingine ninayo. Msalimie mjomba fundi saa, aliyenifundisha kutazama vitu vidogo, na bibi mzaa mama.

Dukani usipige simu tena. Kesho nahamia mji mwingine, Stafford, kwa mdogo wake Mama Furaha. Anwani iko nyuma ya bahasha. Usiandike jina langu juu, andika la huyo mwenyeji wangu. Na kabla hujaanza kujibu, weka shilingi chini ya karatasi, upitishe penseli. Picha ikitokea, nitajua ni wewe.

Mdogo wako,
Idrisa