Mume Wangu na Kaka Yangu Waliwindana Wakidhani ni Koyote

Shangazi Oleta,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia ndani ya pikapu uani, kwa sababu huko ndani mume wangu anapekua droo moja baada ya nyingine na kila akifunga moja anaibamiza, na kama hutanipa neno la kunisaidia nahisi nitaropoka mbele yake jambo ambalo nimelibana kifuani siku zote hizi. Nakuomba sana usinitaje. Majina nimeyabadilisha yote, na wewe hata ukinitambua jifanye hunijui.

Mume wangu nimwite Merle na kaka yangu nimwite Wendell. Wendell na mkewe Ardis, wifi yangu, ni jirani zetu wa karibu kuliko wote, tumetenganishwa na uzio mmoja na kilima kimoja, na kama wengi huku Dakota magharibi ya mto tunafuga kondoo, na sasa ndiyo majira ya kuzaa kwa hiyo hakuna anayelala vizuri, na koyote, wale mbwa-mwitu wadogo wa huku, nao hawalali, wanakuja hadi karibu na banda, wanabeba mwana-kondoo ambaye hata hajakauka. Kwa hiyo sikatai, Shangazi, koyote lazima wapigwe, mimi si mtu wa mjini.

Lakini sikiliza kilichotokea. Asubuhi moja Merle kaondoka na ile bunduki yake ya masafa marefu yenye darubini, kavaa nguo zake za rangi ya nyasi kavu hadi kitambaa cha usoni, kaenda kulala kifudifudi juu ya kilima cha mpakani, akaanza kupuliza kile kifilimbi kinacholia kama sungura anayekufa, maana koyote akisikia hivyo huja kutafuta kifungua kinywa. Asubuhi hiyo hiyo Wendell alikuwa amenipigia simu kuuliza kama tuna maziwa ya unga ya wana-kondoo, akasema atayapitia baadaye, kwanza anapanda kilimani mara moja, nikamwambia sawa. Merle alikuwa ameshatoka, sikumtaja, na simu yake huwa anaiacha kwenye pikapu isije ikalia, mimi nikaendelea na vyombo vyangu. Basi Merle alipoona sungura haleti kitu, akaweka viganja mdomoni akalia mwenyewe kama koyote, kitu anachojisifia hadi kanisani, na ng'ambo ya kilima koyote mwingine akamjibu. Akalia tena, akajibiwa tena, na safari hii kwa karibu zaidi. Akaanza kutambaa. Yule wa ng'ambo naye akaanza kutambaa. Shangazi, hawa ni babu wawili, mmoja ana nyonga ya bandia, wanatambaliana kwenye nyasi huku wanaliliana, kila mmoja anamsifu moyoni koyote wake kwamba huyu leo ni dume kubwa.

Merle akaona nyasi zinatikisika, akafyatua. Risasi ikapita kwenye begi la mgongoni la kaka yangu ikapasua chupa ya kahawa, na ile kahawa ikamtiririkia mgongoni ya moto vile vile, naye akadhani ni damu yake.

"Acha kupiga, mpumbavu wewe, ni mimi!"

"Wewe nani?"

"Shemeji yako!"

"Sasa unafanya nini huko?"

"Nilikuwa nakuita wewe, kumbe!"

Haya yote nimesimuliwa na wao wenyewe, jikoni kwangu, wakiwa wanakula maharage ya nyama na mikate yangu ya mdalasini, wanacheka hadi machozi yanawatoka, wanapigana mabega. Nikaacha kuwaongezea maharage. Halafu Wendell akajifuta macho akaniambia, "Dada, mumeo analia vizuri kuliko koyote mwenyewe. Nilikuwa nimeshamweka kwenye darubini, kilichobaki ni kidole tu." Akasema hivyo huku anaongeza siagi kwenye mkate.

Nikawaambia hii si ya kucheka. Merle akasema, "Mke wangu, koyote hana msimu, anapigwa mwaka mzima. Ardhi yangu, bunduki yangu, sheria inataka nini tena kwangu?" Nikamwambia risasi yako imeishia kwenye ardhi ya Wendell, akasema Wendell halalamiki. Wendell akasema kweli, halalamiki, ila Ardis asijue hata kidogo, na wakaniapisha pale pale, mimi mjinga nikaapa.

Usiku ule ule sikupata usingizi, na asubuhi Merle alipokuwa bandani nikachomoa kwenye bunduki yake kile chuma cha kufungia risasi, ambacho pasipo hicho bunduki inabaki kuwa fimbo ya bei kubwa, nikakizika kwenye friza chini ya nyama ya kulungu. Bunduki ya marisau nyuma ya mlango wa jikoni sikuigusa, wala ile ndogo ya kwenye trekta, wala ya marehemu baba yake iliyo chini ya kitanda, hizo haziendi kilimani. Nilidhani atatafuta siku moja achoke. Kumbe amekata shauri kwamba Wendell ndiye aliyekichukua, kulipiza kisasi cha ile chupa. Akampigia simu mbele yangu.

"Nirudishie chuma changu, mwizi mkubwa."

"Kilichokutoka wewe si chuma, ni akili."

Tangu hapo hawasemeshani. Wendell haji tena kutusaidia kuzalisha, kondoo mmoja amekufa na mapacha tumboni kwa sababu Merle alikuwa peke yake, koyote wamechukua wana-kondoo wengine, na kila akikuta mzoga anarudi ndani ananiambia, "Mshukuru kaka yako." Sasa anasema Jumamosi ataazima bunduki kwa mtu na atapanda kilima kile kile, na atakayemkuta huko shauri yake. Nikirudisha chuma watauana kwa bahati mbaya. Nisiporudisha watauana kwa makusudi. Na Ardis ananiuliza kila Jumapili kwa nini Wendell ana alama ya kuungua mgongoni, namwambia sijui, na mimi na Ardis hatujawahi kufichana kitu. Nifanyeje?

Wako,
Niliyejifungia Ndani ya Pikapu


OLETA ANAJIBU

Mwanangu wa kwenye pikapu,

Kwanza shuka, utapata baridi bure. Pili, kubadilisha majina hakujakusaidia chochote. Wilaya yetu ina kondoo wengi kuliko watu, na babu wawili walioliliana kilimani hadi risasi ikatoka hawawezi kujificha nyuma ya jina la Merle. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwa posta kabla halijachapwa, na nimembana mhariri aisubirishe barua yako hadi wiki ijayo. Ardis ni msomaji wangu, tena huikata safu yangu gazetini na kuibandika kwenye friji. Ni juu yako aisikie kwako au aisome kwangu.

Nakuhurumia, usidhani sikuhurumii. Kuwapikia watu wawili unaowapenda huku wanakusimulia kwa kicheko jinsi walivyokaribia kukuachia jeneza moja au mawili, hilo lingenifanya niwamwagie hayo maharage kichwani. Lakini sasa niache nikuseme.

Umeficha chuma cha bunduki moja kwenye friza, ukaziacha nyingine tatu zimesimama na kulala ndani na nje, na wala hukusema kama zina risasi, maana yake hujui. Halafu unaniambia hizo haziendi kilimani. Mwanaume mwenye hasira haendi kuchagua, anachukua iliyo karibu, na iliyo karibu iko nyuma ya mlango wako wa jikoni. Mimi nina bunduki tangu nikiwa na meno ya utoto na nimepiga koyote wangu kwa mkono huu ninaoandikia, kwa hiyo asije mtu kuniambia nimegeuka mtu wa mjini. Bunduki ya kazi ina mahali pake kama ilivyo dawa ya kuogeshea kondoo: kabatini, kumefungwa, imetolewa risasi, na risasi zinakaa kwingine. Kabati la chuma lipo duka la chakula cha mifugo, kule nyuma karibu na magunia ya chumvi. Mlinunua mzani mpya wa kupimia sufi, kabati mtashindwa?

Na kuna sentensi moja umeipitisha haraka ukitumaini sitaiona. Wendell alikupigia simu. Alikwambia anapanda kilimani. Merle alikuwa ameshapanda. Asubuhi ile, katika wilaya nzima, mtu mmoja tu alijua kwamba wako wawili juu ya kilima kimoja na bunduki mbili, na mtu huyo alikuwa anaosha vyombo. Sisemi ulitaka. Nasema hukufikiri, na hao nao hawakufikiri, na ni bahati tupu kwamba aliyepasuka ni chupa. Pikapu hiyo uliyojifungia ndani yake ina honi. Ungeibana hadi kondoo wote wakimbie, Merle angenuna kwamba umemfukuzia koyote, na sasa hivi mngekuwa mmeshasahau.

Sasa kuhusu Merle na sheria yake. Ni kweli huku kwetu koyote hana msimu uliofungwa. Hilo linajibu swali la lini. Halijibu swali la wapi, wala la kuelekea wapi, wala la nani aliyelala upande wa pili. Ukivuka uzio unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi hata kama mwenye ardhi ni shemeji yako na mmekula sahani moja jana, na risasi yako nayo ikivuka imevuka kwa jina lako. Kutoka barabarani hupigi. Na mnyama unampiga ukiwa umemwona mzima, kichwa hadi mkia, na umeona kilicho nyuma yake. Mlio hauna mkia. Nyasi zinatikiswa na upepo, na huku upepo haujawahi kupumzika tangu niolewe. Kama ana ubishi, namba ya askari wa wanyamapori iko kwenye kijitabu alichopewa na leseni yake, apige aulize, na asimulie kisa chenyewe tuone kama leseni itabaki mfukoni.

Fanya hivi. Leo, si kesho, toa risasi kwenye zile tatu. Kama hujui kutoa, jifunze, ni aibu kuishi na kitu miaka yote hiyo bila kujua kukifungua. Kisha piga simu kwa Ardis umwambie aje kwako Ijumaa na Wendell, hata kama atamvuta kwa sikio. Mkishakaa wote wanne, weka hicho chuma mezani, na useme: nilikichukua mimi, Wendell hakuhusika. Merle atapiga kelele. Mwache apige, amepoteza kondoo na mapacha, ana haki ya kelele kidogo, na wewe mwombe radhi kwa hao kondoo, na kaka yako umwombe radhi kwa kumwacha aitwe mwizi. Radhi ya chuma usiombe.

Kiapo walichokupa kivunje hapo hapo. Uliapishwa jikoni kwako kwa ajili ya kumdanganya mwanamke ambaye angekuwa mjane, kiapo cha namna hiyo hakina mwenyewe. Kuanzia hapo kilima ni cha mtu mmoja kwa asubuhi moja, na asiyepiga simu nyumba zote mbili kabla ya kutoka habebi bunduki. Kofia ya rangi ya machungwa kila mmoja avae. Wataguna kwamba koyote ataiona. Koyote rangi hiyo haioni vizuri, anachoona ni mtu anayejigeuza geuza, na hao wawili wametulia lini? Na kabla ya Jumamosi mkaazime punda au mbwa mkubwa wa kulinda kondoo kwa mtu yeyote aliye naye, na kondoo wenye mimba walale ua wa karibu. Nusu ya kazi ya bunduki mngeifanya kwa uzio, lakini uzio hauna hadithi ya kusimulia kanisani.

Ila kabla Merle hajakishika chuma hicho akaondoka nacho, mwulize swali moja, polepole, na usimsaidie kulijibu: ulipofyatua, uliona nini? Atatazama sahani yake. Atasema nyasi, atasema giza la alfajiri, atasema kila mtu angefanya vile. Mwache Ardis akae mbele yake na mkono wake juu ya mgongo wa mumewe ulioungua, amsubiri amalize.

Oleta