Bango la Kumi na Mbili

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Kigoma Mjini
Tarehe: 16 Januari 1997
Muda wa kuanza: saa 4:30 asubuhi
Jina la shahidi: Ummy Hamdani
Umri: miaka 26
Dini: Mwislamu
Kazi: Afisa matangazo, kampuni ya Upeo Matangazo, Dar es Salaam
Makazi: Magomeni, Dar es Salaam. Kwa sasa yuko Ujiji kwa shangazi yake, Bi Hidaya

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nimezaliwa Ujiji na kusoma huku huku kabla sijaenda Dar. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Nimemwambia Sajenti Leodgar, anayeniandika, kwamba tufanye haraka, kwa sababu lori la kupeleka wakimbizi kambini linaondoka leo saa kumi alasiri, na mtu aliyeko mahabusu, Dismasi, anatakiwa awemo. Afande amenijibu haraka haraka haina baraka, nianze mwanzo. Haya, mwanzo ndio huu.

Nakumbuka mnamo tarehe 17 Novemba 1996, siku ya Jumapili, majira ya saa mbili asubuhi, nilikuwa Kibirizi ufukweni pamoja na mpiga picha wetu aitwaye Martini. Tulitumwa kutafuta picha ya kutangaza sabuni mpya ya kufulia iitwayo Ng'ara. Ofisini kwetu Dar tuko watu saba ghorofa ya tatu, feni moja, na bosi anayetuambia kila siku kwamba mteja hanunui sabuni, ananunua furaha. Basi mimi nilikuwa nawinda furaha. Nikamwona mwanamke mmoja amechuchumaa majini anafua, povu limempanda mpaka kwenye viwiko. Martini aliteleza kwenye jiwe akaanguka chali ndani ya maji, kamera ameinyanyua juu. Yule mwanamke akacheka, akacheka kwa mwili mzima. Martini akampiga picha palepale alipokaa, maji yamemfika kifuani. Nilijua papo hapo kwamba tumepata. Nilirukaruka kama mtoto.

Nilimpa yule mwanamke vipande viwili vya sabuni na kumwambia ahsante. Sikumuuliza jina. Sikumuuliza anatoka wapi. Kwenye fomu ya ofisi panapotakiwa jina la aliyepigwa picha niliandika "mama wa nyumbani, Kigoma," nikatia saini yangu mimi. Afande ameniuliza kama najua kwamba hilo ni kosa. Najua, afande, na nimeomba liandikwe. Kazi yetu kila mtu anafanya hivyo, lakini hiyo si sababu.

Mnamo tarehe 11 Januari nilirudi Kigoma kwa treni na mabango hamsini. Uso wa yule mwanamke ukubwa wa mlango, na chini yake maneno: "Nyumba yenye raha, nguo zinang'ara." Maneno hayo matano tuliyatafuta wiki mbili. Gundi nilipika mwenyewe kwa shangazi, ya unga wa muhogo, maana ndiyo tunayotumia siku zote. Shangazi aliponikuta na mwiko jikoni saa sita mchana wa Ramadhani alipiga kelele, "Ummy! Dar wamekufundisha kula mchana?" Nikamwambia hiki ni chakula cha ukuta, shangazi. Tarehe 13, Jumatatu, nilibandika mabango kuanzia Ujiji sokoni hadi Mwanga. Mvua ilikuwa inanyeshanyesha, kwa hiyo gundi haikukauka vizuri.

Tarehe 15, Jumatano, saa moja asubuhi nilipita kukagua. Mwanga hakuna. Kwenye duka la Bwana Alphonce, ambaye ndiye wakala wa sabuni hapa mjini, hakuna. Nikahesabu kuta kumi na mbili tupu. Nilipandwa na hasira, sitaficha. Nilidhani ni washindani wetu, wale wa sabuni ya mche. Nikabandika jingine pale dukani, na Bwana Alphonce akasema, "Dada Ummy, mwizi huyu niachie mimi, leo silali."

Siku hiyohiyo majira ya saa tisa alasiri nilipita bandarini kuulizia mzigo. Karibu na geti, upande wanapokaa wakimbizi wakisubiri kuandikishwa, niliona watu wamejaa ukutani. Nikadhani kuna ugomvi. Nikajipenyeza. Afande, yalikuwa mabango yangu! Kumi na moja, yamepangwa mstari mmoja, usawa wa macho, hakuna hata moja lililochanika wala kukunjamana. Watu zaidi ya mia mbili wamesimama wakiyatazama. Wanawake wanabebana kuangalia. Kuna mzee alikuwa anawasomea wasiojua kusoma. Nimefanya kazi hii miaka mitatu na sijawahi kuona bango linatazamwa hivyo. Hasira ikapotea sijui ilikwenda wapi.

Chini ya kila bango, kwa mkaa, mtu alikuwa ameandika: LEONIA, NIKO HAI. NIKO BANDARINI. DISMASI. Yale maneno yetu ya nyumba yenye raha hakuyafuta. Aliyaacha juu, akaweka yake chini.

Sikuelewa. Nilijua tu kwamba aliyefanya vile anaijua kazi kuliko mimi. Mimi nilibandika kwa wenye maduka kwa sababu bosi alisema hivyo. Yeye alibandika wanapopita watu wanaotafuta kitu.

Leo tarehe 16 saa mbili asubuhi niliitwa mbio dukani kwa Bwana Alphonce. Nilimkuta mwanamume wa miaka kama thelathini na tano, mwembamba, ameshikwa mikono na vijana wawili, na watu wanaita mwizi, mwizi. Pembeni yake pana debe la maji na kitambaa. Alikuwa amerudi kuchukua bango la kumi na tatu. Nilipoliangalia bango niliona alivyokuwa akifanya: ameloanisha bango lote kwa kitambaa, akangoja gundi ilainike, na alikuwa amelibandua hadi nusu bila kulichana. Bwana Alphonce aliponitambulisha kwamba mimi ndiye mwenye mabango, yule mtu alishtuka, akachomoa mkono mmoja akanishika, akasema kwa Kirundi, "Ni umugore wanje." Kiha, lugha ya huku kwetu, na Kirundi ni ndugu, nikaelewa: ni mke wangu.

Tulikuja naye hapa kituoni. Njiani nikamuuliza, naye akanieleza, nusu Kirundi nusu Kiswahili. Kwao ni Rumonge, Burundi. Tarehe 9 Novemba vita ilipofika kijijini kwao alimpakia mkewe Leonia kwenye mtumbwi. Ulikuwa umejaa, hakukuwa na nafasi ya mtu mwingine, akamwambia atangulie. Yeye alijificha porini miezi miwili hadi alipopata chombo cha kuvuka. Alifika hapa tarehe 10 mwezi huu, na watu wa kwao wakampa pole. Walimwambia ule mtumbwi ulizama, hakupona mtu.

Jumanne asubuhi alikwenda Mwanga kutafuta kibarua, akamwona mkewe ukutani anacheka.

Alinisimamisha pale pale barabarani, Bwana Alphonce anamvuta huku, yeye anauliza kitu kimoja tu: "Dada, picha hii ilipigwa lini?" Nikamwambia tarehe 17 Novemba. Akaniomba nirudie. Nikarudia: Novemba, tarehe kumi na saba, Jumapili, saa mbili asubuhi, Kibirizi. Akahesabu kwa vidole kutoka tisa hadi kumi na saba. Kisha akakaa chini kwenye matope. Bwana Alphonce mwenyewe alimwachia mkono.

Ndiyo maana naomba tarehe hiyo iandikwe hapa kwa wino na isifutwe. Mwanamke huyo nilimwona mimi kwa macho yangu siku nane baada ya kupanda mtumbwi, mzima, anafua, anacheka. Martini anaweza kuulizwa. Sasa wakimbizi wa Novemba wamegawanywa kwenye makambi mbalimbali na Dismasi hajui mkewe yuko lipi. Dismasi akibaki mahabusu na kupelekwa mahakamani, lori litamwacha, na Leonia akija bandarini hatamkuta.

Afande ameniuliza kama nalalamika kwamba mali ya kampuni imeharibiwa. Jibu langu ni hapana. Mabango kumi na moja nimeyahesabu, hakuna lililoharibika. Yamehamishwa ukuta, basi. Kama kuhamisha tangazo likaonekana zaidi ni kosa, mimi nilipaswa kufukuzwa siku nyingi.

Afande ameniuliza, na la kumi na mbili liko wapi? Hilo nilimuuliza Dismasi pia. Alisema, "Limepanda lori." Jana Jumatano alfajiri alilibandika, na maneno yale yale ya mkaa, nyuma ya lori linalopeleka unga makambini upande wa Kasulu, kwa ugali wake mwenyewe aliopewa ale, maana hakuwa na gundi. Jamani! Tangazo linalotembea! Bosi wangu ameliota hilo mwaka mzima hajalipata, na huyu bwana amelifanya na sahani ya ugali. Afande ameniambia nipunguze maneno. Napunguza. Lakini andika kwamba alishinda na njaa.

Saa tatu na nusu asubuhi ya leo, kabla ya kuja kutoa maelezo haya, nilimpigia bosi simu kutoka posta. Aliniambia niseme mtu huyu ni mharibifu na nisiongeze neno. Alisema mteja akijua kwamba mama wa nyumba yenye raha ni mkimbizi asiye hata na nyumba, tumekwisha. Nikamwambia, bosi, huyo mama alikuwa anafua nguo moja tu na alicheka kuliko sisi wote tuliomo ghorofa ya tatu. Akakata simu. Nadhani kazi sina. Nina hofu lakini, wallahi, nina furaha pia, na sijui nizitenganishe vipi.

Naomba Dismasi aachiwe kabla ya saa kumi. Kama sheria inataka mtu wa kushtakiwa kwa jambo hili, aliyeandika uongo kwenye fomu ni mimi, na niko hapa.

Nimesema niliyoyaona na kuyasikia, si zaidi. Nimesomewa, ni yenyewe, natia saini.

(Sahihi) Ummy Hamdani
Saa 7:05 mchana

MAELEZO YA ASKARI

Mimi Sajenti Leodgar nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, isipokuwa pale alipotaka kuniimbia tangazo. Mlalamikaji Alphonce amekubali kufuta lalamiko. Saa 8:20 mchana Dismasi alitolewa mahabusu, lakini aligoma kuondoka, akaomba akae barazani hadi lori la unga litakaporudi. Niliruhusu.

Saa 9:15 alasiri lori hilo lilisimama mbele ya kituo. Alishuka mwanamke aliyebeba bango lililokunjwa ndani ya kitenge. Dereva alisema mwanamke huyo alilizuia lori kambini asubuhi kwa kusimama mbele yake, na hakuondoka hadi alipopakiwa. Hakuwa na kibali cha kutoka kambini. Nimemwandika kwamba ameitwa kituoni kama shahidi.

Sikuweza kumhoji kwa muda wa kama nusu saa, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Shahidi Ummy Hamdani alikuwa analia kwa sauti kuliko wahusika. Saa 10:00 Dismasi na mkewe wamepanda lori moja.

Mabango kumi na moja yapo bandarini. La kumi na mbili nilimtaka mwanamke aliache kituoni kama kielelezo. Alikataa, akasema uso ni wake. Sikumlazimisha.