Nchi Imeisha, Tumegeuza Farasi

Kiwalani,
Dar es Salaam.
15 Juni, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Gaudens,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umelala vizuri na umeshiba. Huko kusini najua sasa ni baridi. Je, lile blanketi la marehemu Mama ulilolificha kwenye begi ukidhani sikuoni, linakutosha? Nimeambiwa ninyi wanovisi, mnaojiandaa kwa nadhiri za utawa, mnaamka gizani, mnasali, kisha mnakwenda kukamua ng'ombe. Wewe uliyekuwa ukiamshwa kwa kumwagiwa maji. Siku moja nitakuja nione kwa macho yangu, maana kwa kuambiwa siamini.

Kama Padre Mlezi anaisoma barua hii kabla yako, basi na kwako Padre, Tumsifu Yesu Kristo. Humu ndani mna mapanga, farasi na majoka yenye mabawa. Tafadhali usishtuke, wala usimnyime barua yake. Ni habari za Baba yetu, nami sikupata namna nyingine ya kuzieleza. Najua simu hawaruhusiwi mpaka mwaka wa unovisi uishe, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu.

Sie huku tupo. Mie sijambo, ila darasa la nne wananimaliza sauti. Bi Mwamvita jirani, Mungu amzidishie, bado anakaa na Baba tangu asubuhi mpaka nitoke shuleni. Mvua za masika zilituachia tope mpaka mlangoni, sasa limekauka.

Kuhusu Baba, ningeweza kuandika kwamba anaendelea vizuri, maana ndivyo watu tunavyoandikiana. Lakini haendelei vizuri, Gau, na mie nimefika mwisho wa akili zangu.

Unakumbuka hali ilivyokuwa tangu kiharusi kilipomlaza. Mkono wa kulia haukunyanyuka, maneno yakabaki machache ya kuokoteza, na yule dada wa mazoezi akasema mkono usipotumika utajikunja na hautarudi tena. Baba alikuwa akimfukuza kwa macho. Wewe ndiye uliyepata dawa, tena bila kuitafuta. Ulikuwa unacheza gemu lako pale sebuleni, Baba akautoa mkono mgonjwa chini ya shuka, akaonyesha mlima uliokuwa kwenye televisheni. Alitaka uende kule. Ukaenda. Tangu siku ile hayo ndiyo yakawa mazoezi yake, yeye anaonyesha njia na wewe unapeleka farasi.

Asubuhi ya kuondoka ulinikabidhi pedi ya kuchezea gemu. Ukamwonyesha Baba yule mpanda farasi uliyemtengeneza kwa sura yako mwenyewe, mpaka na ule mkato wa nyusi ulioupata mpirani, ukamwambia, "Baba, huyu ndiye mimi. Mniangalie vizuri." Tukacheka. Baba hakucheka, ila siku ile sikulitilia maanani.

Nikajifunza, mdogo wangu. Mie niliyekuwa nakusema kila siku kwamba mtu mzima na ndevu zake anacheza michezo ya watoto, nilikuwa nikitoka shuleni nakaa chini na vumbi la chaki mikononi, nashika pedi. Mwanzo nilimtumbukiza farasi wako mtoni mara kadhaa. Baba aliguna tu. Lakini kila tulipofika mahali papya, ule ukungu unaoficha mahali pasipofikiwa kwenye ramani ukafunguka, mkono wake ulikuwa unapanda juu zaidi ya jana yake. Nilikuwa natazama mkono kuliko ninavyotazama majoka.

Na kila mahali alipapa jina lake. Kile kijiji cha mwanzo, ambacho ndege wakubwa wanapita chini juu ya mapaa, alikiita Kiwalani, na kwa kweli panafanana na kwetu hapa jirani na uwanja wa ndege. Mji wenye maghala akauita Kurasini. Mbuga yenye wanyama ni Mikumi, mlima wenye kona nyingi ni Kitonga, na mji wa mpakani, mwisho kabisa wa nchi, ni Tunduma. Barabara yote aliyoendesha lori maisha yake yote aliikuta mle ndani. Mie na ualimu wangu nikawa namsahihisha, "Baba, pale panaitwa Ngome ya Mashariki." Alikuwa ananitazama kama unavyomtazama abiria anayemfundisha dereva njia.

Sasa nchi imeisha, Gau. Ukungu wote umefunguka. Mapango tumeingia, minara tumepanda, majoka tumeyaua, hata ile nyongeza ya gemu waliyoileta watengenezaji baadaye tumeimaliza. Limebaki lile lango la mwisho ulilotukataza tusiingie bila wewe. Nilimuuliza Twalib, kijana wa Bi Mwamvita mwenye banda la magemu, kuna nini mle. Akaniambia mpanda farasi akiingia hatoki, yanapanda majina ya waliotengeneza mchezo na muziki wa huzuni, basi. Siwezi kumwonyesha Baba kitu kama hicho.

Tulipomaliza, Baba akaanza kusema neno moja tu. Nikimpeleka farasi mlimani, "Tushapita." Nikimpeleka baharini, "Tushapita." Kisha akaacha hata hilo, akageukia ukutani. Mkono ukarudi chini ya shuka. Uji anaufungia mdomo. Nikirudi kutoka shuleni namkuta Bi Mwamvita kakaa na bakuli mapajani. "Mwanangu, mie nimembembeleza wee, hataki. Huyu mzee kaamua," aliniambia siku moja. Dada wa mazoezi naye alipokuja akaushika mkono, akasema vidole vimeanza kujikunja.

Nikamwendea Twalib tena. Akaniambia, "Sista, gemu kubwa kama hiyo ukishaimaliza inabidi ujiwekee masharti mwenyewe. Vua silaha zote. Usipande farasi. Zima ramani, utembee kama mgeni." Nikafanya. Nikamvua mpanda farasi wako mavazi yake ya chuma, nikamvika matambara, nikamtembeza kwa miguu nchi nzima na kisu cha kukatia nyanya. Tuliuawa na mbwa mwitu ambao zamani walikuwa wanatukimbia. Baba alifumbua macho, akacheka kidogo, mkono ukanyanyuka. Nikajua tumepona. Baada ya siku chache akachoka.

Nikajaribu kuokota uyoga wa kila aina. Nikajaribu kuvua samaki. Halafu nikapata wazo la kumfuata mtu mmoja tu, yule mama muuza samaki wa pale sokoni, tuone anaishi vipi. Baba alilipenda hilo. Tulimfuata akifunga meza yake, akivuka daraja, akimsalimia mwashi, akifika kwake na kuwasha moto. Tulimfuata na kesho yake, na keshokutwa. Mwisho Baba akagundua kwamba mama yule anavuka daraja kwa hatua zilezile na kumpa mwashi salamu ileile, na sisi hata tukimsimamia mbele, kwake ni kama hatupo. Akafumba macho. Mie nikaendelea kumfuata yule mama peke yangu, sijui kwa nini.

Twalib akasema basi tuanze upya na mtu mwingine. Nikatengeneza mwanamke mrefu, shujaa, nikampa jina la Mama nikidhani Baba atafurahi. Alimtazama, akatazama pembeni mwa televisheni, kisha akaniuliza waziwazi kuliko alivyosema chochote mwaka huu, "Gau yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Baba hakuwa anaangalia mchezo. Ulimwambia yule ndiye wewe, naye akakuamini. Muda wote alikuwa anamsindikiza mwanawe safarini, anamwonyesha njia asipotee.

Nilikwenda uani nikalia mpaka Bi Mwamvita akaja na kanga yake kunifuta. Nilikukasirikia, sitakuficha. Nilimkasirikia na Mungu aliyekuita wewe akaniachia mie pedi, Padre anisamehe. Nilichoka kuwa mtu wa kubuni kitu kipya kila siku ili baba yangu ale.

Jumamosi moja mchana, kwa sababu sikuwa na lingine, niliwasha tena gemu lako. Nikampandisha mpanda farasi wako, nikamvika vazi lake jekundu, nikampeleka mpaka kule Tunduma ya Baba na kupita, hadi kwenye magenge ya miamba ambako chini ni maji matupu na mchezo wenyewe unakataa kwenda mbele. Nikasimama pale. Nikamwambia Baba, "Mbele hakuna kitu tena, Baba. Nchi imeisha." Sikuwa namtania wala kumtisha. Nilikuwa nakubali.

Gau, mkono ukatoka chini ya shuka. Ule mgonjwa. Haukuonyesha mbele wala pembeni, ulizunguka, kama unavyozungusha usukani. Akasema, "Geuza."

Nikageuza farasi. Akasema, "Tunduma."

Nikafungua ramani kumtafutia. Akarudia, kwa hasira kidogo, "Tunduma." Ndipo nikakumbuka. Unakumbuka Baba akirudi safari? Alikuwa hapokei pole wala maji. Anakaa kizingitini, anafungua kamba za viatu, anaanza kutaja njia kuanzia mbali, nasi tunamjibu. Tunduma. Pita. Mbeya. Pita. Makambako. Pita. Mpaka akisema Kiwalani, sote tunapiga kelele Karibu, na hapo ndipo Mama anapakua chakula. Safari ambayo hakuitaja hivyo alikuwa anasema bado yuko barabarani, hata awe amelala kitandani kwake.

Nikamjibu, "Pita." Jioni ile alikula uji wote na akaomba mwingine.

Kumbe kila mahali alipokuwa anasema tushapita, palikuwa bado hapajapitwa kurudi. Tangu siku ile tunarudi, kituo kwa kituo. Mlima uleule akiuona kwa upande wa pili anautazama kana kwamba haujui. Dada wa mazoezi kaja, kamkunjua vidole bila kulazimisha. Ameniuliza nimempa dawa gani, nikamwonyesha televisheni.

Sasa sikiliza shida yangu, maana ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Njia ya kurudi nayo inaisha. Iringa tumepita. Kitonga tumeshuka juzi. Mbele ni Mikumi, Morogoro, Chalinze, Kurasini, halafu kijiji kile. Mie nachelewesha. Nashuka kwenye kila kisima, namnywesha farasi maji asiyoyahitaji, nasubiri mvua ipite. Lakini Baba ni dereva, anamjua mtu anayezembea barabarani. Jana ameninong'oneza, "Twende."

Tukifika pale atasema Kiwalani, na atangoja Karibu. Mie naweza kuitamka, mdomo ninao. Lakini baada ya Karibu mtu huwa anaingia ndani, Gau, anavua viatu, anakula. Atakapoona kwamba hakuna aliyeingia, sina nchi nyingine ya kumpeleka. Nimejaribu zote. Naogopa kwamba safari hii akigeukia ukutani hatageuka tena.

Siombi uache wito wako. Mama alikuombea hilo tangu ukiwa mtumishi wa altareni, nami sitakuwa mtu wa kulivunja. Namwomba Padre Mlezi, kwa magoti, akupe ruhusa ya siku chache tu kabla ya nadhiri zako. Kama sheria ya nyumba yenu haikubali, basi niandikie upesi, kwa mwandiko wako, neno la kumsomea Baba pale mwisho wa njia. Usiniachie nilitunge mie. Nimeshatunga vya kutosha.

Shangazi Edeltruda anakusalimu sana, anauliza kama huko wanaruhusu kutumiwa maharage ya Mbinga. Bi Mwamvita anasema ingawa yeye na wewe hamsali nyumba moja, dua zake hazichagui. Twalib naye anakusalimu, anasema gemu lako halijawahi kuchezwa namna hii popote. Tusalimie wenzako wote hapo, na Padre Mlezi kwa namna ya pekee.

Baba sijamwambia kwamba nakuandikia. Ila kuna jambo nimeliona wiki hii, na nimeliweka mwisho kwa sababu sikujua niliandikeje. Zamani akishamaliza kuonyesha njia alikuwa anaendelea kutazama televisheni. Siku hizi akishasema kituo nami nikajibu Pita, anaushusha mkono, anageuza kichwa taratibu, anautazama mlango wetu.

Mungu akulinde, na Mama Maria akufungulie njia.

Ni mimi dada yako ninayekupenda, nikikawia barabarani kwa ajili yako,

Felicitas