Namba Ngeni Kwenye Tovuti Yetu

Dada mpenzi,

Huku tu wazima, na mama sasa anatembea bila mkongojo. Dukani nashona mashela kama kawaida, ila simu za wateja zimekatika tangu fundi wa tovuti aliyeletwa na kaka atokomee. Jana mteja akaniuliza, "Mbona mmebadili namba?" Nikafungua tovuti: picha za mashela yangu, namba ngeni. Nikaipiga, nikajifanya bibi harusi.

"Karibu, tukushonee lipi?" Dada, ilikuwa sauti ya kaka.

Nimepata fundi mwingine, mwanamke makini. Anatengeneza tovuti mpya kwa jina langu. Mama hajui lolote. Jumapili kaka anakuja kula. Nitampakulia kwanza, kisha nitaipiga namba ile mbele ya mama.

Tafadhali usimwonye.

Mdogo wako