Ng'ombe Uliyeniomba Nikuchungie

Mtani wangu Masanja,

Tunduma nzima nani ana bahati kama mimi? Shule niliachia darasa la tano, lakini Lusaka nimelala, Lubumbashi nimekula na matajiri. Na bahati kuu ni ile ya Kamsamba: ng'ombe wa maziwa alinijia bure kutoka kwa Msukuma asiyejua faida yake. Wauza mchele wenzangu hadithi hiyo wameikariri.

Unaikumbuka masika ile. Tulikuwa tumetoka kumzika mke wangu, na Neema alikuwa kichanga. Nilimnywesha uji mwepesi, akalia mpaka sauti ikamkauka. Ulipokuja kunipa pole nilikuambia mtoto hajambo, mimi sikosi kitu. Hukubisha. Kesho yake ukaja unamswaga yule ng'ombe mweupe na ndama wake.

"Mtani, nisaidie. Malisho yameniishia, nichungie huyu."

"Na maziwa?"

"Sasa utayamwaga? Kunyweni. Ila ndama naye abaki na chake."

Nikakubali kwa maringo, kama bwana mkubwa anayemfadhili mwenye shida. Mimi mtu wa mizani na magunia, nyasi nazijulia wapi? Neema akanenepa. Nami kila nikikukuta kilabuni nilikutambulisha: "Huyu ndiye aliyenibembeleza ninywe maziwa yake." Watu wanacheka. Wewe ukacheka kuwazidi, ukanitania kabila langu: "Mnyiha ukimpa kazi, lazima ale kwanza."

Tulipokuzika niliisimulia tena, niwachangamshe wafiwa. Mkeo hakucheka. Aliweka sufuria chini.

"Shemeji, malisho hayakuisha. Nyasi zilitufika kiunoni. Ng'ombe huyo ndiye pekee tuliyekuwa tunamkamua, na wanangu walikula ugali kwa mlenda mpaka mvua zikakatika. Alisema wewe ukijua unasaidiwa utakataa, na mtoto atakufa."

Niliichukua ile sufuria nikawapakulia wafiwa, mtani. Mimi.

Nikimpa mjane kisado cha mchele, soko zima lazima lijue. Wewe ulitoa maziwa ya wanao, ukakubali kuitwa mjinga miaka yote hiyo. Hata ulipokuwa kitandani unaumwa, nilikuletea utani uleule, ukajikaza ukatabasamu. Asante yangu hukuisikia. Naipeleka wapi sasa? Neema nimemwambia; alimpakata mwanawe, akalia.

Pumzika, ndugu yangu. Nyumba yako nitaitazama.

Ile bahati ninayojisifia ni uongo. Mwanangu alikuwa anakufa njaa, nami nilikuwa naona aibu kuomba.

Mtani wako,
Baba Neema