Zénon, Kinyozi wa Greyville, na Bia Iliyosemwa Inapumua

Mwaka umezunguka tangu utuache, Zénon wetu, Baba Lyse, na yale maneno bado hayajalala. Yanatembea saluni kwa saluni hapa Greyville, kwamba ulikuwa unakunywa bia inayofichwa chini ya ardhi, bia inayopumua, na kwamba siku moja ilipungukiwa na pumzi ikachukua ya kwako. Mama Lyse ameyafukuza mlangoni, yameingia dirishani. Akipika yapo. Akisali yapo. Ndiyo maana kumbukumbu yako ni ndefu kuliko za wengine, na wenye haraka watusamehe.

Tuanze na wewe, siyo na wao.

Ulikuwa kinyozi wa mkono mwepesi. Mteja akikaa, redio unaizima, unasema kichwa cha mtu hakinyolewi huku mwingine anakipigia kelele. Mtoto akilia, ulimpa mashine nyingine, imezimwa, akunyoe na yeye. Kijana akirudi kutoka kuomba kazi amekosa, ulimkalisha ukamchonga ndevu upya ili akalale akiwa msafi.

Nyumbani uliimba ukivaa viatu. Kiatu cha kushoto ubeti, cha kulia kiitikio. Lyse alikuwa anasema, "Papa, Mungu angekupa miguu mitatu tungekosa misa."

Lakini hukuwa hivyo siku zote. Mwaka ule wa 2008, wageni walipofukuzwa majumbani mwao, na sisi tukakimbilia ukumbi wa kanisa na magodoro yetu, ulirudi kazini umefunga mdomo. Ulinyoa tu. Mama Lyse akikuuliza kitu unajibu kwa kichwa. Alikuwa anaogopa kimya chako kuliko alivyowaogopa wale waliotufukuza, maana wale walikuwa nje, na kimya kilikuwa kitandani.

Aliyekifungua ni Anko Logan, yule mzee wa Kihindi mwenye baa ya kona, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Ulimnyoa, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akasema, "Mtu anayenyoa hivi haiwezekani anywe maji ya bomba. Njoo kwangu leo."

Ukaenda kwa adabu tu. Ukakuta baa isiyo na televisheni wala muziki, benchi za mbao zilizokaliwa mpaka zikang'aa, na watu wa mtaa wakizungumza kila mmoja kwa zamu. Bia ya pale Anko Logan anaipika mwenyewe chumba cha nyuma. Haina ile gesi ya kuchoma pua. Haitoki kwenye friji imekuwa barafu, ina baridi ya maji ya mtungi. Anaivuta kwa mpini wa mti, taratibu, kama anayekamua ng'ombe asiyetaka kumshtua. Ulituambia ina harufu ya mtama wa mama yako unaokauka uani kule kwetu Ngozi.

Akavuta gilasi ya kwanza, akaonja yeye, akaitikia kwa kichwa, ndipo akakuvutia ya kwako.

Wewe ukasimama. Ukapiga makofi yetu ya shukrani, ukatoa hotuba nzima kwa Kirundi, na machozi juu. Baa yote ikageuka. MaNgidi, yule nesi mstaafu anayekaa daima karibu na dirisha, akauliza, "Kwani leo ni harusi ya nani?"

Ukawaeleza kwa Kiingereza chako cha vipande vipande kwamba kwetu anayekupa pombe huionja kwanza mbele yako, ili usiogope. Kwamba tangu ufike nchi hii hakuna aliyekuonjea. Anko Logan akakuna kile kichwa ulichomnyoa. "Eish," akasema, "na mimi miaka yote nilidhani naangalia tu kama imeharibika."

Kuanzia siku hiyo akawa anaonja amesimama wima katikati ya nyumba, kama padri.

Nawe ukarudi nyumbani unaongea. Uliongea wakati wa kula, ukaongea wakati wa kuosha miguu. Mama Lyse alitamani kukwambia unyamaze kidogo, akajizuia.

Safari ya pili ukaenda na mrija wako wa tete. Ukauchomeka kwenye gilasi, ukavuta, kisha ukamsogezea MaNgidi, kama mtu aliyelelewa vizuri, maana kwetu mrija ni wa wote. Akauangalia ule mrija.

"Baba, mimi nimefanya kazi hospitali maisha yangu yote. Unajua midomo ya watu ina nini?"

"Ina maneno, Mama," ukamjibu.

Akacheka mpaka akashika meza, akavuta. Baadaye akadai mrija wake mwenyewe, na wewe ukamletea, umefungwa uzi mwekundu usichanganyikane na wa mtu.

Sasa, uvumi. Ulianza ukiwa hai, na ulianzia kwa Marie-Louise, Mkongomani jirani yetu anayesuka nywele mlango wa tatu kutoka kwako. Alimshika Mama Lyse mkono sokoni.

"Ma chérie, mimi sisemi kitu. Nasema tu ile bia ya mume wako iko chini ya nyumba ya Anko Logan, na iko inapumua. Peguy, yule fundi, alisikia na masikio yake."

"Peguy alikuwa anatafuta nini chini ya nyumba ya watu?"

"Alienda kutengeneza bomba. Vraiment, kweli kabisa, spana aliacha huko huko."

Mama Lyse hakulala vizuri. Akakwambia waziwazi kwamba kama ni kweli, tunahamia Pinetown mwisho wa mwezi, saluni ziko hata kule. Hukukasirika. Jumapili baada ya misa ulimchukua na gauni lake la kanisani, mkaenda baa kwa Anko Logan, mkashuka ngazi mpaka kwenye ghala la chini. Mapipa yalikuwa yamelala kwenye magogo yao kama nguruwe walioshiba. Juu ya moja kulikuwa na kijiti kimechomekwa, na kando ya kijiti povu linapanda, linashuka, linatoa sauti ndogo ya pua.

"Inapumua," Mama Lyse akasema, akarudi ngazi moja juu.

"Inapumua," ukakubali.

"Kwa hiyo siyo uongo."

"Nani alikwambia ni uongo? Unga wako wa maandazi ukiufunika jioni, unafanya nini?"

"Unaumuka."

"Unapumua, Mama Lyse. Hamira iko hai humo ndani, na humu pia. Na maandazi yako nakula kila asubuhi, sijafa."

Akapanda juu akakaa kwenye benchi na Fanta yake, mkoba magotini, akakuangalia unavyocheka na wale watu. Habari ya Pinetown haikutajwa tena. Wewe ulikunywa gilasi zako mbili, hukuwahi kuomba ya tatu, na chakula cha jioni kilikukuta nyumbani.

Tunataka wote wajue kilichokuondoa. Ilikuwa presha. MaNgidi ndiye aliyeigundua, pale pale baa, kwa kile kipimo anachotembea nacho kwenye mkoba. Alikutuma kliniki, ukapewa vidonge. Kichwa kikikuuma unameza, kikiacha unaacha. "Mtu anayeimba, dawa ya nini?" ulikuwa unasema. MaNgidi alikugombeza, Mama Lyse alikugombeza, uliwanyamazisha wote kwa utani. Septemba ikafika, ukaanguka saluni, shuka la mteja mkononi. Daktari alimwambia Mama Lyse ana kwa ana. Lakini neno la daktari halina miguu. La Marie-Louise linayo.

Kisha mwaka ukakaribia, na kwetu mwaka ukitimia kilio kinaondolewa. Watu wanakusanyika, marehemu anasemwa, pombe inanywewa pamoja, na nyumba inaruhusiwa kufurahi tena. Tulikuwa na sababu ya kuharakisha. Juvénal wa Pinetown anamtaka Lyse, na wazazi wake walisema kwa heshima, "Pombe ya posa hatuwezi kuileta juu ya kilio ambacho hakijaondoka."

Ndipo ikaja habari kwamba watu watafika, watasali, ila bia ya Anko Logan hawataigusa. Wewe unajua maana yake. Kilio ambacho watu wamekataa kukinywea pombe hakijaondoka, kimewahamia watoto.

Mwanao Audace akasema, "Mama, tuchukue za chupa. Zimefungwa kiwandani, nani ataogopa?"

"Tukichukua za chupa tumekubali," Mama Lyse akamjibu. "Tumesema ni kweli iliyomuua Baba yenu ni ile. Lete ya pipa."

Anko Logan alilipandisha pipa uani mapema, akalifunika magunia yenye maji, akakataza mtu asiliguse, maana bia hai ikitikiswa lazima ipumzike kwanza. Jumamosi ua ukajaa. Warundi wa Cato Manor, Wakongomani wa mtaa, wazee wa baa wamevaa tai. Wazazi wa Juvénal wamekaa mbele. Marie-Louise alikuja na kitenge kipya, akasimama karibu na ukuta, mikono kifuani, na wenzake kumi, nao mikono kifuani.

Anko Logan akavuta gilasi ya kwanza. Akaiinua aonje, kama kawaida yake. Mama Lyse akamshika kiwiko.

"Hapana, Anko. Leo mwenye kutoa siyo wewe. Ni sisi."

Baba Lyse, huyu ni mtu ambaye alikuwa hajawahi kunywa pombe tangu kuzaliwa, hata siku ya harusi yenu alilamba tu. Akachukua mrija, akauingiza kwenye povu. Akavuta. Akameza. Uso ukakunjamana wote.

"Chungu," akasema. "Chungu kama dawa ya minyoo."

Wazee wa baa wakaangua kicheko. Wa ukutani hawakucheka.

"Tungoje kwanza," Marie-Louise akasema. "Tuone kama ataanguka."

"Ngojeni," Mama Lyse akasema, akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Mimi sina haraka. Lyse ndiye mwenye haraka."

Wakangoja. Mama Lyse akavuta tena. Na tena. Akasema ile ya tatu ilikuwa na mtama ndani, kama ulivyotuambia. Akaanza kueleza ulivyotoa hotuba ya Kirundi kwenye baa ya Mhindi, na akaieleza kwa mikono, mpaka akafika kwenye midomo na maneno, na hapo hata mama yake Juvénal alikuwa anajifuta macho. Alipotaka kuvuta mara nyingine, Marie-Louise alikuwa ameshatoka ukutani.

"Lete hapa," akasema. "Wewe utaimaliza yote kwa kisingizio cha kilio."

Akaonja, akaonja tena. "Peguy ni mjinga," akasema, akamsogezea aliyekuwa nyuma yake.

Pipa lilikwisha jua likiwa bado juu. Baba yake Juvénal akasimama akatangaza kwamba Desemba watakuja na pombe yao. Kilio chako kimeondoka, Baba Lyse. Umetuachia kicheko, na tumeruhusiwa kukitumia.

Wanaokukumbuka kwa furaha ni mkeo Ninahazwe, Mama Lyse. Binti yako Lyse, na Juvénal ambaye karibu atakuita Baba. Mwanao Audace, anayeshika mashine yako saluni. Dada yako Estella aliye Ngozi. Anko Logan, MaNgidi na benchi lote la dirishani. Na Marie-Louise, aliyeomba mwenyewe jina lake liandikwe. Hutatoka midomoni mwetu, wala mioyoni, siku zote tutakazopewa.

Na kwenu mnaosoma, Mama Lyse anawaonya haya ya kuepuka:

Usinywe peke yako, umefunga pazia.

Usinywe ambacho aliyekupa hajakionja.

Usirudi kwenye gilasi uliyoiacha bila mtu.

Usiombe ya tatu.

Usibebe habari ya mtu ambayo hukuiona kwa macho.

Usikatae kunywa kwenye kilio cha mwenzako kwa sababu ya maneno.

Vidonge vya presha, usiviache eti leo umeamka vizuri.